Miti ya Watu Wengine

Ukiumwa saratani hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kila mtu anageuka daktari. Utaletewa majani ya kuchemsha, utaletewa maji ya maombi ndani ya chupa ya soda, utasimuliwa habari za shangazi wa mtu fulani aliyepona kwa mkojo wa ng'ombe. Mimi sina dawa ya kukupa. Nina habari moja tu, jinsi nilivyoacha matibabu katikati na jinsi nilivyorudi, na ninamwandikia yule ambaye sasa hivi amelala ameugeukia ukuta na hataki kusemeshwa.

Naitwa Mama Furaha. Nilitoka Bukavu nikiwa msichana, nikajifunza kushona hapa kambini, nikaolewa hapahapa na Deo, Mrundi wa Makamba, mtu wa maneno machache na jembe kali. Tuna binti mmoja, Furaha. Mbali na cherehani yangu tulikuwa tunalima kipande cha bustani bondeni, nje ya kambi, tulichopewa na mama mmoja wa kijiji cha jirani tuliyemwita Mai Phiri. Mai kwa Kichewa ni mama. Tulipanda lengalenga, yaani mchicha, vitunguu na zile nyanya chungu ambazo Mrundi akizikosa anaona hajala. Niliipenda bustani ile kupita kiasi. Deo alikuwa ananitania kwamba siku nikiambiwa nichague kati yake na tuta la lengalenga, yeye atalala nje.

Uvimbe niliugusa msimu wa joto, ninaoga baada ya kumwagilia. Haukuuma. Vipimo vilikula miezi, na mvua za kwanza zilipoanza daktari wa Lilongwe akanieleza kwa upole kwamba nitapewa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu kama damu yangu itakubali, halafu nitakatwa titi. Nikiacha katikati, alisema, uvimbe utarudi na hasira, na yeye hatakuwa na la kunifanyia. Nilimwelewa vizuri. Nataka ujue kwamba nilimwelewa, kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Siku ya dripu tulitoka nyumbani giza bado, mimi juu ya kabaza, baiskeli ya abiria, Deo akikimbia pembeni na beseni. Basi ndogo ilitushusha Old Town, mjini Lilongwe, na pale kituoni, katikati ya maduka ya jumla, harufu ya dagaa na sabuni na mafuta ya taa ilinipiga kwa pamoja. Tangu dripu ya kwanza, beseni lile tulilitumia hapo kila mara.

Hospitalini unajifunza kukaa. Tulikaa kwenye mabenchi marefu, na mtu mmoja akiitwa ndani, benchi zima linasogea nafasi moja. Kila unapohamia unakuta joto la aliyetoka. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja wa Area 23, mtaa wa palepale Lilongwe, muuza maandazi, ambaye alikuwa amekwisha kukatwa upande mmoja na bado anaendelea na dripu. Aliponiona nimeshika mdomo, aliingiza mkono kwenye sidiria, upande ambao titi halikuwepo tena, akatoa limau. Akasema nafasi ipo, kwa nini ikae bure. Alilikwaruza kwa ukucha akanipa ninuse, na kichefuchefu kikapungua. Kuanzia siku hiyo nilikuwa namtafuta yeye kwanza kabla sijamtafuta muuguzi.

Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu kama fanta ya watoto, na ilinitoka nyekundu vilevile chooni. Nywele zilianguka ndani ya beseni la kuogea, zote kwa siku mbili, na Furaha alizikusanya akazichoma nyuma ya nyumba ili mtu asizichukue. Kucha zikawa nyeusi. Kila chakula kilikuwa na ladha ya kijiko. Jambo lililoniumiza zaidi ni pua. Sikuweza tena kuvumilia harufu ya mume wangu, jasho lile ambalo nimelala nalo miaka yote. Nilimwambia ukweli, nikidhani ukweli utamsaidia. Alichukua mkeka wake akahamia sebuleni bila neno, na najua mpaka leo kwamba lilimkata.

Mvua zilipokolea, nyumba ikawa adui. Watu walipikia ndani, moshi ukawa unapita chini ya mabati kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, choo kilijaa maji, na wageni wa kunipa pole walikuja wakakaa mpaka jioni wakiongea juu ya kichwa changu. Siku moja, kati ya dripu ya kwanza na ya pili, nikachukua kitenge nikatoka. Sikumuaga mtu. Nilipita bustanini kwetu, nikapita mahindi ya wanakijiji, nikavuka bonde lenye majani marefu. Pale kuna ndege weusi ambao dume huota mkia wakati wa mvua, mkia mrefu kumzidi mwenyewe, na akiruka unaona anavyohangaika kuubeba. Nilisimama nikamwangalia mmoja mpaka nikacheka. Ndipo nikaona miti.

Kama unaijua wilaya hii ya Dowa unajua kwamba miti mikubwa imekwisha, imekwenda yote kwenye mkaa. Lakini ng'ambo ya bonde lile kuna kipande cha msitu mzito, umejikusanya peke yake katikati ya mashamba. Niliingia. Ndani palikuwa na ubaridi na giza kidogo, mikuyu ambayo watu wanne hawawezi kuizungushia mikono, na chini majani laini ya miaka mingi. Hondohondo wawili walikuwa wanagombana juu. Juu ya tawi bundi alilala mchana kweupe, akafungua jicho moja, akanidharau, akalifumba. Kwetu bundi ni mkosi. Siku hiyo nilimpenda, kwa sababu alikuwa kiumbe wa kwanza baada ya wiki nyingi asiyenihurumia.

Nikaona pia matuta. Yalikuwa marefu, yameota majani, mengine yamebomoka yakawa karibu sawa na ardhi. Juu yake kulikuwa na vikombe vya bati, sahani zenye tundu katikati, chungu kilichopasuka. Kwetu Bukavu kaburi lina saruji na msalaba na jina. Mimi vyombo vilivyoachwa porini nilivijua kwa namna moja tu, maana tulipokimbia tulipita vijiji vya aina hiyo, sufuria liko uani na mwenyewe hayupo. Nikajiambia kumbe hata Malawi kuna siku watu walikimbia, wakaacha bustani na sahani zao. Niliwaonea huruma watu hao. Nikakaa juu ya tuta moja, nikaegemea mkuyu, na tumbo langu likatulia.

Nilirudi pale kila siku ambayo miguu ilikubali. Dripu ya pili niliivumilia kwa kuufikiria msitu ule, na ya tatu pia. Nilipokuwa nimekaa kwenye kiti cha dawa na mshipa unaungua, nilikuwa napanga nitakavyotembea: bustani, mahindi, bonde, ndege wa mikia, halafu kivuli. Nilikuwa na kitu cha kurudia, na hilo lilitosha kunifikisha Lilongwe.

Mvua zilipokaribia kuisha nilikuta uyoga. Uyoga mkubwa mweupe, mpana kama sahani, umetoka kwenye udongo wa mchwa katikati ya matuta. Nilijaza kitenge. Furaha aliupika kwa karanga za kutwanga, na mimi nikala na ugali, nikaongeza, na haukurudi. Deo aliacha kula akawa ananiangalia. Usiku ule alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu mpaka nikalala.

Kesho yake nilimpelekea Mai Phiri sahani iliyojaa, shukrani kwa bustani. Aliufurahia, Wamalawi wanaupenda uyoga kuliko nyama, akauliza nimeutoa wapi. Nikanyoosha mkono. Akauliza tena, nikanyoosha tena. Aliiweka sahani chini. Akanawa mikono kwa muda mrefu, kisha akasema bila kuniangalia:

"Kule ni manda. Kule tunazika. Bibi yangu yuko kule."

Nilielewa kila kitu kwa mara moja, matuta, sahani za marehemu zilizotobolewa, na kwa nini hakuna mtu aliyeugusa msitu ule kwa shoka. Wachewa hawakati mti wa makaburini, hawaokoti kuni humo, hawachumi kitu, na hawaingii ila wanapomleta mtu. Nilitapika pale pale uani kwake, uyoga wote wa jana na wa leo, na sijui kama ilikuwa dawa au aibu.

Waliniita kwa mkuu wa kijiji. Anayesimamia makaburi na maziko pale ni mwanaume anayeitwa Chikondi, fundi wa simu kando ya barabara, mwenye jezi ya mpira na bisibisi mfukoni. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikasema kivuli. Akauliza sikuona makaburi? Nikaeleza nilivyofikiri, kwamba ni kijiji cha watu waliokimbia. Watu walicheka, isipokuwa Mai Phiri. Hukumu ikatoka: tulete kuku, nisikanyage tena mle ndani, na majani yatakapokauka nyumba yetu itaitwa kulima pamoja nao ule ukanda mtupu wanaouzungushia msitu kila mwaka ili moto wa porini usiingie. Nilishukuru, zikomo, nikapiga makofi kwa heshima kama wanavyofanya, nikarudi nyumbani nikijua sina tena pa kwenda.

Habari ilifika kambini kabla yangu. Mama Furaha anakula kwa wafu. Mama Furaha ana bundi wake. Wanawake wa kanisa waliokuwa wanachota maji yangu wakawa na shughuli. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Kikundi cha maombi cha Deo kilimwambia ugonjwa hautoki kwa sababu nimeilisha nyumba nzima chakula cha makaburini, na kwamba dawa ya wazungu haiwezi kushindana na kitu cha namna hiyo. Wakati huohuo hospitali ilinirudisha: damu iko chini, halafu dawa imekwisha, rudi baadaye. Tarehe mpya ilipokaribia Deo alikuja kusimama mlangoni pa chumba, kofia mkononi.

"Mama Furaha, bantu ba maombi banasema tuache kwanza ile dripu," alisema. "Tufunge, tuone. Mi sijui tena. Mi nimechoka."

Nikamjibu, "Njo vile. Mi pia sitaki tena."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Tarehe ikapita, mimi nimelala nimeutazama ukuta, na baada yake zikapita siku nyingine nyingi nikiwa hivyohivyo.

Nasema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba hali hiyo ipo: nilitaka kufa. Kujiua sikuwaza, sikuwa na nguvu za kupanga jambo lolote. Nilitaka tu kuche na nisiwepo. Furaha alinilisha uji kwa kijiko na mimi nilimchukia kwa kila kijiko, mtoto wangu mwenyewe, kwa kunichelewesha. Kifo sikukiogopa tena. Nililiogopa jua. Makaburi yetu sisi wakimbizi yako juu ya ardhi nyekundu isiyo na jani, mbuzi wanalala juu yake, na misalaba ya mbao inaibiwa kwa kuni. Nilifunga macho nikajiona chini ya lile jua, milele, bila hata kichaka. Nililia kwa ajili ya hilo kuliko nilivyowahi kulia kwa ajili ya titi.

Majani yalikauka. Chikondi alikuja asubuhi moja ya baridi kusema ndiyo siku ya kulima, na kwamba aliyekosa lazima awepo, hata akikaa tu. Deo alichukua jembe. Nilitembea nyuma yake nikipumzika kila kichuguu. Walinitandikia kitenge nje ya msitu, juani, na wanaume wakajipanga mstari wakaanza kung'oa majani kuuzunguka. Nilikuwa sijatoka nje tangu mvua ziishe. Bonde lilikuwa limegeuka rangi ya chai, ndege weusi wamepoteza mikia yao wanafanana na shomoro wa kawaida, na ndani ya miti hondohondo walikuwa bado na ugomvi wao. Niliusikia ubaridi wa mle ndani ukinifikia usoni. Niliumia sana.

Walipopumzika, maneno yalinitoka kabla sijayapima. Nilimuuliza Chikondi kwa Kichewa:

"Nikifa, mnaweza kunizika humu? Hata pembeni tu."

Deo anasikia Kichewa vizuri. Chikondi alifuta jembe lake kwa majani, akafikiri kama anavyofikiri juu ya simu iliyoingia maji.

"Hapana, Mai," akasema. "Humu tunamzika yule anayelima ukanda huu pamoja nasi. Wewe hujalima. Na kwa mikono hiyo huwezi. Upone kwanza, ulime, halafu ndiyo ufe."

Wengine walicheka, na mimi nikapandwa na hasira. Hasira safi, ya tumboni, ya kumrushia mtu kikombe. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kuhisi kitu kingine zaidi ya uchovu. Nilipogeuka nimwone Deo, nilikuta ameketi chini ameficha uso ndani ya kofia, mabega yanatikisika mbele ya wanaume wote wale. Hakuna aliyemtania. Baadaye alisimama akalima sehemu yake, akalima na sehemu ya mtu mwingine.

Njiani nyumbani Deo alisimama bustanini kwetu, ambako lengalenga zilikuwa zimezeeka bila kuchumwa.

"Ulikuwa unatafuta fasi ya kuzikwa," alisema, "na mi niko hapa."

"Mbele nilikuwa natafuta kivuli," nikamjibu. "Fasi ya kuzikwa nilitafuta kisha, ulipokubali niache."

Aliinama akang'oa lengalenga moja kavu, akaisugua mkononi mbegu zikamwagika.

"Kesho tunaenda Lilongwe."

"Na bantu ba maombi?"

"Baombe. Sisi tunaenda."

Dripu ya nne niliipata baada ya kugombezwa na daktari na kusubiri siku nzima. Mama wa Area 23 hakuwepo. Nilimuuliza muuguzi, naye akaniuliza kama nimekula. Nikaelewa. Benchi lilisogea, nikasogea nalo, na joto nililolikuta lilikuwa la msichana mdogo sana aliyeshika mdomo. Nilikuwa na limau kwenye mfuko. Nilimpa, lakini nililia wakati nalikwaruza, na msichana akaogopa, na sikuweza kumweleza.

Ya tano na ya sita zilipita wakati wa baridi kali, Deo amenifunika blanketi na koti lake. Msimu wa joto walinikata. Mkono wa upande ule haupandi juu ya bega, na kushona nashona polepole. Pua imerudi, na Deo amerudi kitandani, ingawa ananiambia nilimzoesha mkeka. Kila ninapokwenda kuangaliwa, wiki moja kabla silali. Hiyo haijaisha na sidhani kama itaisha. Wewe uliyeugeukia ukuta, chukua limau, mwambie mwenzako asipake manukato, na tafuta mahali penye majani pa kukaa. Ila uliza kwanza ni pa nani.

Mwaka huu mvua zilipoisha Chikondi alisimama tena mlangoni kwetu akasema kesho tunalima ukanda. Deo aliuliza safari hii tumekosa nini. Akasema hatujakosa kitu, ndiyo siku yake, anapita kila nyumba. Tulitazamana. Asubuhi nilikwenda na jembe langu mwenyewe, dogo, la bustani, nikawekwa mwisho wa mstari karibu na Mai Phiri, na nikalima kwa mkono mmoja na nusu. Hakuna aliyenisifu. Walinisogeza nilipowachelewesha.

Tulipopumzika Chikondi alikuja akaketi karibu, akaelekeza kidevu ndani ya msitu, katikati ya mikuyu miwili. Akasema pale pazuri, udongo ni laini, mizizi haisumbui, na kivuli kipo mwaka mzima. Alisema kwa ukarimu, kama mtu anayekuonyesha kiti. Ni kile kile nilichomwomba. Nilipatazama, na hofu yote ya mwaka ule ikanirudia kwa mara moja, na nikajua kwamba nataka kuishi kwa uchu ambao sikuwahi kuwa nao hata nikiwa mzima.

Nikamwambia zikomo, nimepaona. Wenzangu walikuwa bado wanakunywa maji, lakini nilichukua jembe nikaanza tena.